Troponini ya asubuhi "hasi", ya jioni iko juu. Je, kipimo cha vipande vya seli kingemwahi mzee?

Mwana Chumbageni

Wakuu, habari za humu. Kuna jambo limenikaa kooni. Naomba wenye taaluma ya maabara na ya moyo wanisaidie, na wengine mnivumilie maana ni refu.

Baba mkubwa wangu ana miaka 61, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Kisukari anacho miaka mingi, sigara kaacha juzijuzi tu kwa kelele za mama mkubwa. Mwezi uliopita hapa Tanga aliamka kwa ajili ya swala ya alfajiri, akiwa anatawadha kifua kikambana. Ilikuwa saa kumi na moja hivi. Yeye akasema ni gesi, akaomba tangawizi. Mama mkubwa akakataa katakata, saa kumi na mbili na nusu tukawa hospitali.

Wakampiga ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, tukaambiwa haina shida ya kutisha. Wakatoa damu ya troponini, kipimo cha kuonyesha kama moyo umeumia. Saa mbili majibu yakarudi, karatasi nzima imeandikwa "Trop: NEG", basi, hakuna kingine. Akaandikiwa omeprazole na dawa ya maji ya kutuliza tumbo. Saa tatu tuko nyumbani, hata chai hatujanywa.

Saa tisa alasiri shati limelowa jasho, anatapika, mkono wa kushoto unauma mpaka kwenye taya. Tukakimbilia hospitali nyingine. Safari hii daktari hakumaliza hata kuisoma ile ECG, akaanza kuita watu. Damu ya saa kumi na moja jioni ikatoka na troponini I ya 1,860 ng/L (nanogramu kwa lita), juu sana. Akapewa dawa, usiku uleule ambulansi ikampeleka Dar, akawekewa stenti, kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, kwenye mshipa mkubwa wa mbele wa moyo. Alhamdulillah yupo nyumbani. Ila moyo umepungua nguvu, akipanda ngazi za msikitini anasimama katikati kuvuta pumzi.

Swali langu sasa. Binamu yangu yuko Ufaransa anasomea famasia. Aliposikia yaliyompata baba yake akanitumia makala kuhusu vipande vidogo sana ambavyo seli za mishipa na chembe sahani (zile za kugandisha damu) huvimwaga kwenye damu zikisumbuka. Anasema tangu mwaka 2000 watafiti wa Paris walionyesha kwamba wagonjwa wa moyo wa ghafla wanavyo vingi kuliko wenye maumivu ya kifua ya siku zote. Halafu akaongeza sentensi iliyonichemsha damu: troponini inatoka nyama ya moyo ikishaanza kufa, vile vipande vinaweza kutoka kabla.

Kama kitu kinajulikana robo karne, kwa nini alfajiri ile hakikupimwa? Kipimo hicho kipo Dar? Bei gani, bima inalipa? Na la msingi kabisa: kingemwahi mzee?

Simba wa Pongwe

Pole sana mkuu. Kuna jamaa kule Ngamiani wana mashine, unashika kijiti mkononi, dakika moja tu inatoa kurasa arobaini: moyo, ini, figo, mpaka kama umerogwa. Elfu thelathini. Nadhani ndicho hicho anachosema binamu.

Zamu ya Usiku

Mwana Chumbageni, Mungu amponye mzee. Mimi ni muuguzi wa dharura. La kwangu ni fupi: mtu akija na kifua, ECG ifanyike ndani ya dakika kumi, na kama maumivu yapo au yanarudi, ECG irudiwe. Moja ya mwanzo ikiwa safi haifungi faili. Mwenye kisukari ndiyo kabisa, wapo wanaokuja na kichefuchefu na uchovu tu, kifua hakiumi hata kidogo. Hayo ya vipande namwachia dada Fundi, najua hatalala bila kujibu.

Fundi Darubini

Zamu ya Usiku, umenijua.

Mwana Chumbageni, pole kwa kuuguliwa. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya mkoa, sitasema mkoa gani. Kabla ya hapo nilipelekwa masomoni Amsterdam, nikaangukia kwenye maabara ambayo kazi yake kubwa ilikuwa hivyohivyo vipande anavyokusimulia binamu yako. Nimevizungusha, nimevigandisha, nimevihesabu mpaka nikavichukia. Kwa hiyo nitaandika kirefu.

Simba wa Pongwe, kile kijiti kinapima jasho la kiganja na unene wa pochi. Tuendelee.

Kwanza tuhesabu saa, maana kesi yenyewe iko hapo. Kifua kimebana saa kumi na moja. Damu imetolewa kama saa kumi na mbili na nusu na ushee. Hiyo ni saa moja na nusu, labda na dakika chache. Troponini ni protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo, inasimamia kule kujikunja na kujikunjua. Mshipa ukiziba, seli zinakosa oksijeni, utando wake unaachia, protini inaanza kuvujia kwenye damu. Kwa vipimo vya kawaida inaanza kushikika baada ya saa tatu hadi sita, inafika kileleni kama siku moja baadaye, kisha inakaa juu wiki nzima na kuzidi. Majibu ya mzee yalikuwa ya kweli kwa saa ile. Hayakuwa na uwezo wa kumruhusu mtu kwenda nyumbani.

Halafu hilo neno NEG. Karatasi isiyo na namba karibu kila mara maana yake ni kaseti, kile kipande cha plastiki chenye mistari miwili kama cha malaria. Kaseti nyingi za troponini I zimewekewa kikomo cha nanogramu 0.5 kwa mililita. Geuza kuwa kwa lita, unapata 500. Sasa mashine kubwa za siku hizi, zenye unyeti wa juu, zinashughulika na makumi: kwa troponini T mstari wa mtu mzima mwenye afya umewekwa kwenye 14 kwa lita. Ni protini mbili tofauti, usizilinganishe namba kwa namba, lakini unaona ukubwa wa pengo. Mtu anaweza kuwa na moyo unaoungua, troponini imeshapanda mara kadhaa, na kaseti ikakaa kimya kwa sababu haijafika mia tano. Kila ninaposhika karatasi ya rufaa yenye "NEG" peke yake natamani kumpigia simu aliyeiandika. Kipimo gani? Saa ngapi? Kikomo ni kipi? Hata ng/mL na ng/L watu wanazichanganya, na kati yake kuna mara elfu moja.

Kilichokosekana Tanga asubuhi ile kilikuwa damu ya pili. Mzee angewekwa benchi, akatolewa damu tena saa tano asubuhi, ECG ikarudiwa kila alipokunja uso. Kwa mashine zenye unyeti wa juu, madaktari wa moyo wa Ulaya wana utaratibu wa kupima mtu anapofika na kupima tena saa moja baadaye, wanaangalia imepanda kiasi gani. Hata hao wenye mashine za bei ya nyumba hawaamini namba moja ya mtu aliyewahi sana: troponini T chini ya 5 wanaikubali kumwondolea mtu wasiwasi kwa kipimo kimoja ikiwa tu maumivu yalianza zaidi ya saa tatu nyuma. Kwa kaseti subiri saa sita, hakuna njia ya mkato.

Sasa vipande. Binamu yako hajakosea, na nisingependa mtu amcheke.

Mwaka 1946 Erwin Chargaff, yuleyule wa kanuni za DNA, akiwa na mwenzake Randolph West, walizungusha plazma, yale maji ya damu, kwa kasi kubwa sana wakaona kilichotuama chini kinaharakisha damu kuganda. Hawakujua ni nini. Mwaka 1967 Peter Wolf akakiangalia vizuri, akaona ni punje zinazotoka kwenye chembe sahani, akaziita vumbi. Jina la dharau, lakini vumbi hilo lina kazi. Seli yenye afya hutunza mafuta fulani, fosfatidiliserini, upande wa ndani wa utando wake. Ikishtuliwa, kalsiamu inaingia, mafuta yale yanapinduliwa nje, na utando unachipua vifuko vidogo vinavyokatika na kwenda zake; ndivyo vipande vya binamu yako. Fosfatidiliserini ikiwa nje, protini za kugandisha damu zinapata mahali pa kusimama na kufanya kazi kwa kasi. Wapo watu wachache sana duniani waliozaliwa na ugonjwa wa Scott: chembe sahani zao haziwezi kuyapindua mafuta hayo wala kumwaga vifuko ipasavyo. Watu hao hutokwa damu kwa urahisi.

Kwa hiyo ukuta wa mshipa wa moyo ukipasuka kwenye uvimbe wa mafuta, chembe sahani zikarukia pale, vifuko vinamwagika, na vyenyewe vinalisha bonge la damu linalojijenga. Hilo linaweza kutokea wakati nyama ya moyo bado nzima. Kundi la Ziad Mallat na Alain Tedgui la Paris ndilo lililoandika mwaka 2000 kwenye jarida la Circulation kwamba wagonjwa wa moyo wa ghafla wana vifuko vingi zaidi, hasa vile vya utando wa ndani ya mishipa, kuliko wenye maumivu ya kifua yaliyotulia na wasio na ugonjwa huo. Waliopimwa hawakufika mia, lakini wengine baada yao wameona mwelekeo uleule.

Mwaka huohuo wa 2000 vyama vya madaktari wa moyo wa Ulaya na Marekani viliiweka troponini katikati ya maana yenyewe ya shambulio la moyo. Kimoja leo kiko mpaka Tanga, japo kwa kaseti. Kingine bado kiko kwenye friji za nyuzi 80 chini ya sifuri, kinasubiri mtu wa shahada ya uzamivu. Hakuna njama hapo. Angalia troponini ilishinda nini. Mwaka 1954 kule New York, Karmen, Wróblewski na LaDue walionyesha kwamba kimeng'enya kinachoitwa leo AST kinapanda mtu akipata shambulio la moyo. Furaha kubwa, ila AST iko pia kwenye ini, kwenye misuli, kila mahali. Ikaja CK, kimeng'enya cha misuli, ikaja CK-MB iliyo afadhali, nayo ukipigwa ngumi za kutosha inaweza kupanda. Ndipo Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg walipotoa kipimo cha troponini T mwaka 1989, na nguvu yake yote iko kwenye jambo moja: ile troponini wanayoipima ni ya moyo. Ukiiona damuni, moyo umeguswa. Sababu inaweza kuwa nyingine, bonge la damu kwenye mapafu, maambukizi ya misuli ya moyo, figo, lakini huulizi tena ni kiungo gani.

Vifuko havina sifa hiyo. Kisukari kinavipandisha. Sigara, presha, maambukizi makali ya damu. Seli mundu. Na malaria! Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa watoto wa Malawi wenye malaria kali waliopoteza fahamu: vifuko vya mishipa vilikuwa juu sana. Sasa niambie, kwa nchi hii, nimeletewa damu ina vifuko tele. Ni moyo? Ni malaria? Baba mkubwa na kisukari chake na paketi zake za zamani angeweza kuwa navyo vingi Jumapili akiwa anakula pilau hana habari.

Kwa hiyo jibu la bei na bima: sijui hospitali hata moja duniani inayomwamulia mgonjwa wa kifua kwa kuhesabu vifuko. Ukikuta mtu anauza kipimo hicho Dar, kimbia.

Mwana Chumbageni

Dada Fundi, ahsante sana. Hiyo ya damu ya pili imeniuma kuliko nilivyotegemea, maana benchi lilikuwepo na sisi tulikuwa na muda.

Lakini naomba nibishe kidogo. Nimemsomea binamu kwa simu. Anasema sawa, vifuko ni vya kila mtu, lakini kila kimoja kina alama ya seli kilikotoka. Si mnaweza kuchagua vya mshipa tu, au vya moyo tu, mkahesabu hivyo? Mashine si zipo?

Halafu jingine dogo. Mzee ana mabaka meusi mikononi, anasema dawa za kulainisha damu zinamchubua, anataka kuacha ile clopidogrel abaki na aspirini.

Fundi Darubini

La pili kwanza: asiache. Stenti mpya ikikosa moja ya dawa hizo mbili inaweza kuziba, na ikiziba hurudi palepale, pengine pabaya zaidi. Mabaka ayapeleke kliniki, wamwangalie wingi wa damu na dozi. Choo kikiwa cheusi kama lami au akitapika damu, siku hiyohiyo hospitali. Kuacha aamue daktari wa moyo, mama mkubwa amsimamie, naona ana msimamo.

Sasa la binamu. Swali lake ni la mtu aliyesoma, na hapo ndipo nilipomaliza ujana wangu.

Alama zipo kweli. Cha chembe sahani kina CD41 au CD61, cha chembe nyekundu kina CD235a, cha utando wa mshipa unatafuta CD144 au CD62E. Unaweka kingamwili zenye rangi, unapitisha kwenye mashine ya miale. Tatizo ni ukubwa. Chembe nyekundu ina mikroni saba au nane. Chembe sahani mbili, tatu. Vifuko hivi viko kati ya mikroni 0.1 na 1, na vile vidogo zaidi, eksosomu, ni nanomita 30 hadi 150. Mawimbi ya mwanga wenyewe yana nanomita 400 mpaka 700. Mashine nyingi zilizotumika miaka ya mwanzo ziliona vile vikubwa tu, vidogo ambavyo ndivyo vingi vikapita kimya. Au vinapita vingi kwa pamoja mashine inavihesabu kuwa kimoja. Maabara mbili, damu moja, majibu yanaachana mbali kabisa.

Halafu mafuta. Mgonjwa amekula chapati za kukaanga na maharage ya nazi, damu yake imejaa vitone vya mafuta ya chakula, na baadhi vina ukubwa uleule wa vifuko. Mashine isiyo na adabu inahesabu chapati.

Lakini kilichonivunja moyo kuliko vyote ni tyubu. Kumbuka, chembe sahani hurusha vifuko zikishtuliwa. Sindano nyembamba inazishtua. Kufunga mpira wa mkono muda mrefu kunazishtua. Baridi, mtikiso, kucheleweshwa mezani, vyote. Utaratibu tuliofundishwa ulikuwa hivi: sindano pana, tyubu ya kwanza usiitumie kwa vifuko, damu iingie kwenye ile ya sitreti (ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha bluu, ishikwe wima, isitikiswe, na ifike upesi kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha. Zungusha kwa 2,500 g dakika kumi na tano, bila breki. Chukua juu, acha chini. Rudia tena. Ukiacha chembe sahani chache tu kisha ukagandisha, zikiyeyuka zinavunjika, unapata vifuko vipya ulivyovitengeneza mwenyewe kwenye friji. Pale Ulaya kuna hospitali zinarusha sampuli kwa mabomba ya hewa kutoka wodini hadi maabara; sisi tulikatazwa kuyatumia, tukawa tunatembea na tyubu mkononi.

Sasa leta hiyo hapa kwetu. Sampuli inatoka kituo cha afya inakuja kwangu na bodaboda, kwenye kisanduku cha barafu, barabara ya makorongo. Troponini inavumilia safari hiyo, protini yenyewe ngumu. Vifuko? Nitakachopima ni ubovu wa barabara.

Na hata ukipata sampuli safi, mgonjwa wa kifua akifika anapewa aspirini hapohapo, pengine na heparini. Aspirini inagusa chembe sahani zilezile, heparini inagusa kuganda kwenyewe kwa damu. Kisha vifuko vyenyewe havikai: kwa wanyama waliochunguzwa, vikiingizwa kwenye damu vingi vinasafishwa ndani ya dakika chache. Namba ya saa kumi na mbili na namba ya saa moja ni habari mbili tofauti, na huna pa kusimama kusema ipi ni ya ugonjwa.

Vya moyo tu, anavyotaka binamu, ndivyo vigumu kuliko vyote. Kwenye damu ya mkononi vifuko vya chembe sahani ndivyo tele, hivyo vya misuli ya moyo ni vichache mno kati ya umati. Watafiti wanajaribu, wapo wanaosoma vijisehemu vya RNA vilivyobebwa ndani yake, na mimi binafsi naamini faida ya kwanza itakuja upande wa kutabiri: nani kati ya waliopona atarudi. Kuhukumu nani ana shambulio leo mezani kwa daktari, mpinzani ni troponini ya unyeti wa juu, na huyo hapigiki kirahisi.

Daktari wa Pembezoni

Nimesoma yote, dada Fundi ameandika vizuri, ila niseme kidogo upande wa huku kwetu wilayani, maana inaonekana kama tunafukuza wagonjwa kwa kupenda.

Kaseti zenyewe siku nyingine hazipo. Zikiwepo, ni moja kwa mgonjwa, ya pili anaambiwa anunue. Ukimwambia ndugu "tusubiri mpaka mchana turudie", anakuuliza: si umesema hana kitu? Gari la kurudi kijijini ni saa sita. Na malaria ikiwa na mstari hata hafifu, kila mtu anashukuru, kesi imekwisha. Kuna watafiti waliokaa na idara ya dharura kule Moshi wakapima kwa utaratibu watu waliokuja na kifua na pumzi. Walikuta wengi wana shambulio la moyo na halikutambuliwa, wameondoka na jina la ugonjwa mwingine. Nilipousoma sikushangaa.

Nachofanya mimi: ECG ikionyesha mwinuko wa mstari, dalili ya mshipa kuziba, sisubiri troponini hata sekunde, aspirini ya miligramu 300 atafune, natafuta gari na napiga simu Muhimbili, pale JKCI, taasisi ya moyo, kuuliza tufanye nini tukiwa njiani. Troponini naiweka kwa wale ambao ECG haisemi kitu. Hapo sasa Fundi, unanishauri nini kwa kaseti moja tu?

Fundi Darubini

Daktari, nimekupata, na wala sikukulenga wewe.

Kama una kaseti moja, usiichome mapema. Mgonjwa ambaye ECG yake haisemi kitu na maumivu yana saa moja, ile kaseti haitakuambia chochote utakachoweza kukitumia. Mpe aspirini kama huna sababu ya kumnyima, mweke, rudia ECG, kisha kaseti yako moja itumie saa sita baada ya maumivu kuanza. Ambaye kifua kilimbana tangu jana usiku, huyo mpime anapofika tu. Ndugu akiuliza, usimwambie "hana kitu". Mwambie damu ya sasa haijasema, itasema mchana. Wengine wataondoka, ndiyo, lakini wengi nimeona wanakaa wakijua wanasubiri nini.

Na kwenye fomu ya maabara andika saa mbili: saa maumivu yalipoanza na saa damu ilipotoka. Ninapokea fomu nyingi zina jina la balozi wa nyumba kumi lakini hazina saa. Nikiwa na saa hizo naweza kukupigia mwenyewe kusema hii ilikuwa mapema, irudie.

Mwana Chumbageni

Daktari wa Pembezoni, sikuandika kwa kulaumu wa wilayani, hata wa hapa mjini nimeshapunguza hasira. Clopidogrel mama mkubwa ameifungia kabatini, anampa yeye kwa mkono wake baada ya chai. Binamu nimempelekea yale ya chapati, amecheka kisha akanyamaza, nadhani amekubali.

Mama Nuru

Samahani naingilia. Dada Fundi, mume wangu anasafisha figo mara tatu kwa wiki. Kila akipimwa troponini iko juu, mara 68, mara 71, na kila mara tunashtuka, anazuiwa kulala nyumbani, kisha wanasema moyo hauna shida. Sasa siku akipata kweli tutajuaje? Mbona inakuwa juu bila moyo kuumwa?

Fundi Darubini

Mama Nuru, hujaingilia, swali lako ni zuri.

Wagonjwa wa figo wengi huishi na troponini iliyo juu ya mstari. Sehemu ni kwamba moyo wao unafanya kazi kwa shida kila siku, presha, maji mwilini, misuli imetanuka, kwa hiyo unavuja kidogokidogo. Usiseme moyo hauumwi, unachoka. Ila 68 leo, 71 mwezi ujao, 66 mwezi wa tatu, hiyo ni hali yake. Shambulio la ghafla lina mwendo: kifua kimebana, namba ni 70, saa tatu baadaye 140, baadaye 400. Wanaotafuta hilo wanapima mara mbili siku ileile, kwa mashine ileile, na wanaangalia tofauti.

Omba kitengo cha figo waandike kwenye kadi yake namba yake ya siku akiwa mzima, ni troponini T au I, kipimo ni ng/L au ng/mL, na mashine gani imetumika. Kadi hiyo itembee naye. Akienda hospitali isiyomjua, daktari wa zamu ataanzia hapo, hataanzia kwenye 14.